Mwaka Niliomkasirikia Yakobo

Tulipomzika Yakobo kule Segese, watoto wake waliniomba nisimame niseme neno, kwa kuwa kati ya watu wote waliokaa chini ya lile turubai hakuna aliyebaki aliyemjua tangu ujana wake ila mimi. Nikasimama na fimbo yangu. Nikaziona zile nyuso, wajukuu, vitukuu, wakwe, wanakwaya katika sare zao za zambarau, wote wakingoja niwaambie babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema, "Alikuwa ndugu wa mume wangu kuliko ndugu wa kuzaliwa, na mimi nilimchukia karibu mwaka mzima." Watu wakacheka kidogo, wakidhani bibi anatania ili kupunguza uzito wa msiba. Nikakaa. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi, na mvua ilikuwa inakuja. Lakini tangu siku hiyo, nikikaa barazani mchana na kile kiusingizi cha uzee kikinijia, najikuta nimerudi kule kule. Namwona Yakobo kijana, namwona marehemu mume wangu Daudi, na mimi mwenyewe najiona, msichana mwembamba mwenye uso uliokunjwa kama ngumi. Basi niueleze mwaka huo sasa, kabla haujachanganyika kabisa na ndoto.

Tulikuwa tunakaa kambini, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Siku hizi hata shimo lake sidhani kama lingepatikana, vichaka vimelifunika. Ilikuwa bado enzi ya Waingereza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa na Daudi misimu miwili iliyopita, na sikuwa nimepata mtoto. Chumba chetu kilikuwa cha nne katika safu ya vyumba kumi na viwili, chini ya bati moja refu, na kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa ulimpa pole bila kupaza sauti. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na kigoda. Nje, mafiga matatu chini ya kibanda cha nyasi. Ng'ambo ya kambi ilikuwapo mashine ya kuponda mawe, ambayo haikupumzika. Tu, tu, tu, kutwa kucha, mpaka ukaacha kuisikia kwa masikio ukawa unaisikia kwenye mbavu. Vumbi lake jeupe lilitua juu ya kila kitu, juu ya kope za watu, juu ya unga, juu ya majani ya mihogo, na nikiukumbuka mwaka ule naviona vitu vyote kama ninavitazama kwa ndani ya chandarua.

Daudi alifanya kazi chini ya shimo, akijaza mawe kwenye ndoo kubwa ya chuma. Juu alikuwapo Yakobo, rafiki yake aliyetoka naye kijiji kimoja, akiendesha winchi ya kuivuta ile ndoo. Hawakuweza kuonana, kwa hiyo walisemezana kwa kengele. Mtu wa chini alivuta kamba, na kengele ikalia juu: mara moja, simamisha, mara mbili, teremsha, mara tatu, vuta. Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua, ndoo ilikwama kwenye mbao za ukuta wa shimo. Daudi akaingiza mkono kuikwamua, na wakati mkono uko ndani, winchi ikavuta. Walimpeleka hospitali ya misheni kwa lori, amelazwa juu ya magunia, na huko wakamkata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Nyapara ndiye aliyekuja kuniambia. Nilikuwa nachambua mboga. Alisimama mlangoni amevua kofia, akasema, "Yakobo amekiri mbele ya bwana mkubwa. Anasema alisikia kengele vibaya." Sikulia. Niliendelea kuchambua zile mboga mpaka nikamaliza fungu zima, na nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine.

Yakobo aliondolewa kwenye winchi akapelekwa kubeba mawe ya mashine. Mimi niliona hiyo ni adhabu ndogo mno. Sisi tuliachiwa chumba chetu, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kila Jumapili tulikwenda ibadani, katika nyumba ya tope yenye mabenchi ya udongo, na kila Jumapili Yakobo alikaa upande wa wanaume, mabenchi mawili mbele yangu. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, ya kuuchukua wimbo kutoka chini. Nilikijua kisogo chake kuliko uso wake. Wengine walipofumba macho kusali, mimi yangu yalikuwa wazi, yameganda kwenye kisogo kile, na moyoni nilikuwa nikiomba kitu ambacho si cha kuombwa kanisani.

Daudi aliporudi kutoka hospitali, asubuhi ya pili yake nilifungua mlango nikamkuta Yakobo amesimama na debe la maji begani. Wanaume hawakuchota maji siku zile, na kisimani wanawake walikuwa wamekwisha kumcheka vya kutosha.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu kwa Kisukuma.

Sikuitikia.

"Nimeleta maji."

Nikalipokea lile debe, nikalimwaga pale pale, mbele ya miguu yake, polepole, mpaka tone la mwisho. Akayatazama yakinywewa na ardhi. Kisha akaokota debe lake akasema, "Kesho, shemeji." Kesho yake akaja. Nikamwaga. Na kesho kutwa. Majirani wakazoea, wakawa wanatoka milangoni kutazama. Daudi alikuwa akigeukia ukutani kila nilipofanya vile, na mimi nikafikiri ni maumivu.

Nilidhani hasira hiyo ni ya Yakobo peke yake, nimemwekea yeye. Lakini ilianza kutembea. Niliunguza ugali nikalaumu kuni. Nilimjibu Daudi kwa ukali alipoangusha bakuli kwa ule mkono wake wa kushoto uliokuwa bado unajifunza. Usiku meno yangu yalisagana mpaka taya zikauma. Halafu siku moja akaja Zena, mtoto wa jirani yetu Mama Sele, mwanamke Mwislamu kutoka upande wa Kigoma, ambaye siku zote Daudi alipokuwa hospitali alikuja kukaa nami kimya tu, akisuka ukili. Zena alikuwa na miaka kama sita. Alitumwa kuomba moto, na katika kupita akakanyaga mtama niliouanika. Nikampiga kofi. Sikukusudia kwa nguvu ile. Akapepesuka, akaangukia kwenye mafiga, na kiganja chake kikagusa kaa la moto.

Mama Sele alikuja mbio akamnyanyua. Nilingoja anitukane, na ningefurahi anitukane, maana ningepata pa kuanzia. Akakitazama kile kiganja, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Tabitha, mwanangu hakuendesha winchi."

Nilikimbilia kwa Mama Naomi, mke wa mwinjilisti wetu. Jiko lake lilikuwa kibanda cheusi kwa moshi, lenye mafungu ya majani ya kunde yakining'inia darini, na mwanga uliopenya kwenye nyasi ulikuwa ukianguka vipande vipande juu ya mabega yake. Alikuwa anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Kula kwanza."

Akanipa michembe kwenye bakuli na karanga mkononi, na sijui kwa nini, baada ya miaka yote hii, utamu ule wa viazi na moshi bado uko mdomoni mwangu. Nikamweleza yote. Nilingoja aniambie niombe toba, nisamehe, niende zangu. Akauliza, "Mungu umemwambia?"

"Namwomba kila siku anisaidie nisamehe."

"Sikukuuliza hivyo. Umemwambia kwamba unatamani Yakobo naye akatike mkono?"

Nikaanza kumenya karanga zilizokuwa mkononi.

"Basi unamwomba kwa mdomo wa mtu mwingine," akasema. "Yeye sauti yako anaijua. Mimi nimezika watoto watatu nikiwa katika nyumba hii. Siku ya yule wa tatu nilimwambia Mungu maneno ambayo mume wangu angeyasikia, angenifungia mlango wa kanisa. Radi haikunipiga. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Nilipochoka, nikamkuta bado yupo." Akageuza viazi kwa mwiko. "Mtama wako unasagia wapi?"

"Nyuma ya chumba, penye minyaa."

"Basi hapo. Ukiona kifua kinapanda, usiseme na mtu. Nenda kwenye jiwe, useme na Mungu."

"Na nikimaliza kusema?"

"Utakuwa na unga. Pika ugali." Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Lakini kwanza nenda kwa Mama Sele."

Nilikwenda na asali kidogo ya kupaka lile jeraha. Mama Sele aliipokea, akanikaribisha, akanipa kigoda. Zena alijificha nyuma ya khanga ya mama yake na hakutoka. Wiki nyingi zikapita kabla mtoto yule hajaupita mlango wangu bila kukimbia, na kila alipokimbia nilijua mahali hasa palipoanzia mbio zile.

Kusaga mtama kwenye jiwe unapiga magoti. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo mpaka mwaka ule. Unapiga magoti, unainama, unasukuma, unarudi, na mwili unaingia katika mwendo wake kama mtu anayebembeleza mtoto. Siku ya kwanza niliona aibu, nikaanza na Kiswahili cha kanisani, maneno yale makubwa makubwa, nayo yakakauka upesi. Ndipo nikageukia Kisukuma. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya nyapara na ya mwinjilisti. Kisukuma kilikuwa lugha niliyolia kwayo nilipokuwa mdogo. Nikamwambia Mungu nataka kumwona Yakobo akijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Nikamwambia, wewe ulikuwapo pale shimoni, kwa nini hukuizuia ile winchi? Nikamwambia mengine ambayo siandiki. Minyaa ilikuwa imesimama kimya kunizunguka, mashine ikipiga tu, tu, tu kama moyo wa mnyama mkubwa aliyelala, na unga ukishuka mweupe kutoka kwenye jiwe. Sikusikia sauti yoyote. Sikuona nuru. Ila niliinuka nikapika, na ugali ule haukuungua.

Nisidanganye kwamba nilipona. Kuna siku nilitoka kwenye lile jiwe nikiwa mkali kuliko nilivyokwenda. Lakini kuna asubuhi moja, wakati wa Kwaresima, Yakobo alikuja na debe lake na mimi sikulimwaga. Nililipokea nikaliweka chini bila neno. Maji yale nikayasafishia sakafu, kuonyesha kwamba hayafai kwa kitu kingine. Baada ya majuma kadhaa nikayafulia nguo. Kiangazi kilipoingia, kisima cha karibu kikakauka ikabidi kwenda cha mbali, nikayapikia. Kunywa nilikataa, nilitembea na mtungi wangu mwenyewe mpaka kisimani kwa ajili ya maji ya kunywa tu, kwa kiburi, miguu ikiniuma. Sasa nacheka. Nadhani na Mungu alikuwa anacheka, akiningoja nimalize safari zangu.

Kisha ikaja ile siku. Ilikuwa mchana wa jua kali, pamba imevunwa, anga jeupe. Nilikuwa nimekwenda kwenye kikao cha wanawake, lakini Mama Naomi alikuwa na homa, tukatawanyika mapema. Nikarudi kwa njia ya nyuma, penye minyaa, kukusanya mtama niliouacha. Nikasikia sauti ndani ya chumba chetu. Yakobo hakuwa ameingia humo hata mara moja nikiwapo. Kumbe nikitoka alikuwa akija.

Daudi alikuwa anasema, "Jana nimemwona anakunywa maji yako. Alidhani nimelala."

Ni kweli. Nilikuwa nimezidiwa na kiu.

"Mungu ni mwema," Yakobo akasema.

"Siwezi tena, Yakobo. Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba ulisikia vizuri. Kwamba nilitaka kuvuta kamba mara moja, nikavuta mara tatu. Akili yangu ilikuwa mbali, mkono ukafuata mazoea. Wewe ulifanya nilichokuagiza."

"Wakijua kosa ni lako, mtatolewa chumba hiki. Ndiyo maana nilisema vile. Mimi nina mikono miwili, mawe naweza kubeba. Ngoja kidonda kipone."

"Kidonda kimepona tangu Pasaka. Ninachoogopa ni macho ya Tabitha."

Nilisimama pale na ungo mkononi, na nakumbuka mchwa waliokuwa wanapanda ukutani katika mstari mmoja, wakipita bila kujua chochote. Nikapiga magoti kwenye jiwe nikaanza kusaga. Halikuwa na punje hata moja. Nilisaga jiwe kwa jiwe, na mlio wake ulikuwa mbaya, mpaka wale wawili wakanyamaza ndani, kisha nikasikia Yakobo akitoka kwa mlango wa mbele. Madebe yote yale. Kila tone nililolimwaga mbele ya miguu yake huku kambi ikitazama, na mume wangu amegeukia ukuta. Nilipoingia, Daudi alikuwa ameketi kwenye sanduku. Alijua kwamba nimesikia.

"Kwa nini uliniacha nimchukie?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ulipokuwa unamchukia yeye," akasema, "mimi ulikuwa unanipenda."

Karibu na mkono wangu palikuwa na sufuria ya mlenda. Naiona mpaka leo, mpini wake mweusi, na naona jinsi ambavyo ingeruka. Nilikiona kiganja cha Zena. Nikaiacha, nikasema, "Nitarudi," nikatoka tena kwenye jiwe. Nikamwambia Mungu, "Sasa huyu." Sikuwa na maneno zaidi. Nilikaa magotini mpaka jua likashuka kwenye minyaa na vumbi la mashine likageuka rangi ya dhahabu, lile vumbi ambalo kwa ajili yake wote tulikuwa pale. Hasira haikutoka. Ila haikuwa peke yake tena ndani yangu. Kulikuwa na kitu kingine kimekaa nayo, kimetulia, hakina haraka. Nikarudi nikampakulia chakula. "Leo siwezi kusema na wewe," nikamwambia, "lakini ule." Akala kwa mkono wa kushoto, machozi yakimdondokea kwenye mboga, wala sikumfuta.

Siku ya nne nilikwenda kumtafuta Yakobo kwenye mawe. Alikuwa mweupe kwa vumbi toka kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyefinyangwa jana. Nikapiga magoti mbele ya wabeba mawe wenzake wote.

"Inuka, shemeji," akasema, akitazama huku na huku kwa haya. "Watasema nimekuoa."

"Hukukasirika hata siku moja?"

"Mimi? Siku ile ya kwanza ulipomwaga maji, nilirudi njiani nikilia kwa hasira. Nikamwambia Bwana, kesho sichoti. Asubuhi nikaona miguu imeshika njia ya kisimani." Akajifuta uso, vumbi likazidi kuenea. "Nilikwenda nikimlalamikia Mungu mpaka kisimani na kurudi. Kila siku. Ndiyo maana nilikuwa nachelewa."

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, Daudi alisimama. Hakuwa ameniambia. Nyapara alikuwa ameketi benchi la mbele na watoto wake. Nikaelewa anachotaka kufanya, na hasira ikanipanda upya, ya hofu safari hii: tutalala wapi, mtu huyu? Akasema, "Kengele niliipiga mimi vibaya. Yakobo hakukosa. Amebeba mawe yangu." Basi. Akabaki amesimama, ule mkono mfupi umejificha mfukoni, hajui kama akae au atoke. Kanisa lilikuwa kimya hata tukaisikia mashine. Nikainuka kwenye mabenchi ya wanawake nikavuka upande wa wanaume, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, nikasimama karibu naye. Sikumshika. Nilisimama tu, bega langu kwenye bega lake, ili watu waone kwamba nami najua.

Nyapara alifanya kilichokuwa kazi yake. Kufikia Alhamisi tulitakiwa tuwe tumeondoka. Yakobo walimrudishia winchi. Akaiendesha mpaka mvua, kisha akaenda kulima Segese, alikooa na alikozikwa. Mama Sele alitufungia mihogo ya njiani, na Zena akaibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, akanikabidhi mkononi, akakimbia. Lori lilikuwa limejaa magunia ya pamba yanayokwenda kiwandani Shinyanga, ambako baadaye Daudi alipata kazi ya kulinda lango, na ambako tulizaa watoto wetu sita na kugombana na kupatana miaka arobaini na mitatu. Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tulilala chali juu ya yale magunia laini, mbingu ikipita juu yetu pana na ya buluu, matawi ya migunga yakitufikia na kutuachia, na mlio wa mashine ukififia nyuma, ukififia, hata sikujua ni wapi hasa ulipokoma. Hatukuwa tumesemezana tangu asubuhi.

"Tabitha," Daudi akasema, akitazama juu. "Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Nyingi?"

Nikafikiri, kwa sababu nilitaka kumjibu kweli.

"Ya leo tu," nikasema.